Visikizi, Kelele na Sikio la Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Waswahili walikwisha kuizungumzia kelele kabla ya injini na umeme kuingia katika maisha yao. Walisema kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba, na kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika methali zote mbili kelele ipo, haikanushwi, wala hapana anayejisumbua kuizima. Anayesifiwa ni yule anayeendelea na shughuli yake huku akiisikia. Kwa mujibu wa wahenga, basi, kazi ya kuichuja kelele ilikuwa ya msikilizaji mwenyewe. Leo kazi hiyo inauzwa madukani, imefungwa katika sanduku pamoja na waya wa kuchajia na kijitabu cha maelezo. Katika makala haya nakusudia kuipima zana hiyo kama nilivyoijua katika miji miwili ya magharibi mwa Kenya, Kitale na Bungoma, na kulieleza swali ambalo iliniletea katika taaluma yetu ya fasihi simulizi: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba sauti fulani ni kelele?

Nazungumzia vile vikombe viwili vinavyofunika masikio, vilivyounganishwa kwa utepe unaopita utosini, visivyotumia waya, na vyenye uwezo wa kuzima kelele za nje. Jina lake lenyewe bado halijatulia. Wauzaji wa Kitale huviita hedifoni. Wengine husema vipokea sauti, na wengine spika za masikioni. Wanaolipinga jina la vipokea sauti hudai kwamba chombo hiki hakipokei sauti bali huitoa. Hoja yao ina uzito kwa vile vya zamani, lakini hivi vya kuzima kelele vina maikrofoni zake, kwa hiyo vinapokea na kutoa kwa wakati mmoja. Mimi nitatumia neno visikizi, kwa kuwa ni fupi na halimchoshi msomaji.

Nilivinunua Machi 2024 kwa shilingi 9,500, baada ya kupatana na mwuzaji aliyeanzia 11,000. Msimu ule fedha hizo zilitosha karibu magunia matatu ya mahindi, na katika mji kama Kitale, ambako watu hupima bei ya kila kitu kwa magunia, jamaa zangu hawakukosa kunikumbusha. Hiyo ni bei ya katikati. Chini yake vipo visikizi vidogo vya kuchomeka masikioni vinavyochuuzwa katika steji za matatu kwa mamia ya shilingi. Juu yake vipo vya daraja la kwanza, kama vile vya Sony na Bose, ambavyo bei yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwanafunzi wa uzamili asiye na ufadhili hana budi kununua hapo katikati, na hapo katikati ndipo panapohitaji hukumu. Cha bei ya chini hakimdanganyi mtu, cha bei ya juu hakinunuliki, lakini cha katikati huahidi yote na kutimiza nusu. Hekima ya mnunuzi ni kujua ni nusu ipi.

Kanuni ya kuzima kelele si ngumu kuieleza. Sauti ni mtikisiko wa hewa unaosafiri kwa mawimbi, yaani hewa husongamana na kulegea kwa zamu. Maikrofoni ndogo zilizomo katika kisikizi hulinasa wimbi linalokuja kutoka nje, na mtambo wa ndani huunda wimbi la pili lililo kinyume chake: pale la kwanza linaposukuma, la pili huvuta. Mawimbi hayo yanapokutana mlangoni mwa sikio huuana. Mjerumani Paul Lueg aliliombea wazo hili hataza mwaka 1933, na mwaka 1936 akapewa hataza ya Marekani. Miaka mingi baadaye, mwaka 1978, mhandisi Amar Bose alikuwa safarini kwa ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Mngurumo wa ndege ukamharibia muziki aliokuwa akiusikiliza, naye akaanza kupiga hesabu zake humo humo angani. Kampuni yake ilitoa visikizi vya marubani mwaka 1989, na vya wasafiri wa kawaida mwaka 2000.

Historia hiyo ina maana kwa mnunuzi wa Kitale. Chombo hiki kilikuzwa kwa ajili ya kupambana na injini. Adui yake wa asili ni mngurumo mzito wa chini, usiobadilika. Sauti nyembamba na za ghafla, pamoja na usemi wa binadamu, hubadilika upesi mno kuliko mtambo unavyoweza kuzifuata. Hizo huzuiwa, kama zitazuiwa, na mito laini inayolifunika sikio, ambayo haina ujanja wowote zaidi ya ule wa kiganja cha mkono.

Chumba nilichokuwa nimepanga Kitale kilipakana na kinu cha kusagia posho. Kinu hicho kilianza kuunguruma saa mbili asubuhi na kunyamaza magharibi, na wakati wa mavuno hakikunyamaza hata magharibi. Nilipovaa visikizi na kubonyeza kitufe, kinu kilitoweka. Sisemi kilipungua, kilitoweka, kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Kilichobaki kilikuwa cha ajabu kidogo: niliwasikia akina mama waliopanga foleni na debe zao, wakiulizana habari za watoto na bei ya mbolea, kwa uwazi kuliko nilivyowasikia hapo awali, kwa sababu mngurumo uliokuwa ukiyafunika maneno yao haukuwapo tena. Anayenunua visikizi hivi akitarajia ukimya mtupu atasikitika. Anayevinunua ili injini imwondokee atapata thamani ya fedha zake.

Safari ya kutoka Kitale hadi Bungoma iliithibitisha kanuni hiyo. Matatu hupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha huingia katika barabara kuu ya malori yaendayo Malaba na Uganda. Mvumo wa injini na msuguano wa magurudumu juu ya lami ulizimika barabara. Utingo akipiga mbinja, niliisikia. Mchuuzi wa dawa ya meno na minyoo akianza mahubiri yake, nilimsikia pia, tena bila kupungukiwa na neno. Juu ya pikipiki mambo yaligeuka kabisa. Upepo ulipoyapiga matundu ya maikrofoni, visikizi vilitunga mngurumo wao vyenyewe, mkubwa kuliko ule wa pikipiki, ikanibidi nizime uwezo huo. Isitoshe, mtu aliyeziba masikio hapaswi kuvuka barabara katika makutano ya Kanduyi, wala barabara nyingine yoyote yenye bodaboda. Huko uhai hutegemea honi.

Kasoro nyingine zilijitokeza kwa taratibu. Mtengenezaji ameandika katika sanduku kwamba betri hudumu saa 40. Mimi, nikiwa nimewasha uwezo wa kuzima kelele, nilipata takriban saa 30, nazo zilitosha sana nyakati umeme ulipopotea kwa siku nzima. Baada ya saa moja na nusu masikio hulowa jasho. Mvua ya alasiri inapolipiga paa la mabati, sehemu nzito ya kishindo huondoka, lakini hubaki msisimko mwembamba unaofanana na mchele unaopepetwa. Redio ya simu, ambayo hutumia waya wa visikizi kama erio, haifanyi kazi pasipo waya, hivyo anayetaka taarifa ya habari bila gharama ya intaneti sharti achomeke waya. Kwa bahati nzuri tundu la waya lipo, nami namshauri kila mnunuzi alitafute kabla ya kulipa. Faida yake ya pili itawahusu wanaofanya kazi kama yangu: sauti inayokuja bila waya huchelewa kidogo, na kwa mtu anayesimamisha na kurudisha rekodi mara mia kwa siku, ucheleweshaji huo humfanya apoteze silabi ya kwanza kila mara.

Kazi yangu ndiyo hiyo ya kusimamisha na kurudisha. Tasnifu yangu inahusu usawiri wa zimwi katika ngano za Kibukusu, na mnamo 2024 nilirekodi ngano 26 katika vijiji vilivyo kaskazini mwa mji wa Bungoma. Nyingi zilitambwa na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Nilizirekodi jioni, barazani, mbele ya wajukuu na majirani, kwa simu iliyowekwa juu ya kigoda. Mwezi wa Agosti ulikuwa mgumu kuliko yote. Wabukusu hutahiri katika Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, na mwaka huo vijana waliokuwa wakiwaalika jamaa zao walipita njiani mchana na jioni wakicheza na kuzipiga chinyimba, njuga za chuma ambazo mtahiriwa hushika mikononi. Hakuna visikizi vya bei ya katikati vitakavyoizima chinyimba. Sauti yake ni nyembamba, kali, na hukatika na kurudi. Ni kinyume cha injini kwa kila hali. Nilivijaribu, nikaisikia chinyimba kana kwamba masikio yangu yako wazi.

Hapa sharti nitenganishe mambo mawili ambayo wenzangu wengi huyachanganya. Visikizi vya kuzima kelele huiondoa kelele iliyoko mahali unaposikilizia, si ile iliyomo ndani ya rekodi. Kinu cha Kitale kilizimika, lakini kuku, watoto na chinyimba za Bungoma zilibaki katika faili kama zilivyokuwa, tena zikasikika vizuri zaidi. Anayetaka kuviondoa vilivyomo ndani hutumia programu ya kusafisha sauti, nazo programu hizo siku hizi hupatikana kwa urahisi. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, aliponiona nikitumia saa nane kuinukuu saa moja ya rekodi, alinihimiza nifanye hivyo. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kwamba ninachochunguza ni zimwi, na zimwi limo katika maneno ya fanani. Vicheko vya watoto na mabishano ya majirani ni vumbi juu ya kioo. Muda nao ulikuwa ukiniishia.

Niliifanyia majaribio nakala ya ngano moja, huku rekodi asilia nikiihifadhi. Matokeo yalikuwa ya kupendeza sikioni. Sauti ya kukhu ilitoka safi, peke yake, kama ya mtu aliye studioni. Kuku walinyamaza, chinyimba ikawa mnong'ono wa mbali, watoto wakafifia. Kwa visikizi masikioni na kinu kikiwa kimezimwa nje, nilikuwa na ukimya juu ya ukimya. Siku iliyofuata nilikwenda Bungoma, nikamvalisha kukhu visikizi na kumchezea nakala hiyo. Alishtuka kidogo kwa ubaridi wa mito, akatulia, akasikiliza. Baada ya dakika chache akavivua, akaniuliza kwa Lubukusu: "Mjukuu wangu, huyu kikongwe ni nani anayesahau hadithi katikati?"

Nilimwambia ni yeye. Akakataa. Nikamchezea rekodi asilia kuanzia pale pale, naye akaanza kucheka kabla watoto wa kwenye rekodi hawajacheka. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisoma mahali popote. Kila zimwi linapokaribia kusema, yeye hunyamaza kwa makusudi ili jirani yake adakie kwa swali, na watoto, wanaoijua ngano, waanze kucheka kwa kulingoja zimwi liseme upuuzi wake. Asipodakiwa, haendelei. "Hapo nilikuwa nawangoja," alisema. Programu ilikuwa imewaondoa wale waliongojwa na kuuacha ungojaji peke yake, nao ulisikika kama usahaulifu wa uzee.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kufundishwa na nyanya yangu kwamba fasihi simulizi haimo katika maneno pekee. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika Mulika mwaka 1989, aliitazama kama tukio, ambamo fanani, hadhira, mahali na wakati hukutana. Ruth Finnegan naye, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliupa utendaji na hadhira nafasi kubwa. Nadharia hizo tunazikariri katika mitihani. Hata hivyo, ni jambo moja kuikariri nadharia, na ni jambo jingine kuisikia ikidai haki yake katika faili ya sauti. Katika nakala iliyosafishwa, zimwi la kukhu lilikuwa la kutisha: linasema baada ya kimya kizito, na hakuna anayelijibu. Katika rekodi asilia, zimwi hilo hilo ni kichekesho. Watoto wanalicheka kabla halijafumbua kinywa, na jirani analiuliza maswali ya kulidhalilisha. Kama ningefuata nakala safi, sura nzima ya uchanganuzi ingekuwa juu ya hofu, katika ngano ambayo kazi yake ni kuwafundisha watoto kuicheka hofu.

Ndipo nilipoamua kuzinukuu ngano zote 26 kutoka katika rekodi asilia, pamoja na vicheko, maswali, vimya na chinyimba, kila kimoja kwa alama yake. Uamuzi huo ulinigharimu miezi mitatu zaidi na karo ya muhula mmoja ambayo sikuwa nimeipanga. Msimamizi wangu aliniuliza kama watahini watazivumilia kurasa zilizojaa alama, nami nilimjibu kwamba watoto wale ni sehemu ya matini. Hakunibishia. Katika kazi hiyo yote visikizi vilikuwa mwenzi mwaminifu, kwa sababu vilinipa nafasi ya kusikia vitu vidogo vilivyomo ndani ya rekodi, mathalani pumzi ya jirani kabla hajadakia, au mtoto mmoja anayetamka neno la zimwi sambamba na kukhu. Zana ile ile iliyokuwa ikilinyamazisha jiwe la kinu ilinisaidia kutomnyamazisha mtu.

Yapo pia mambo ya adabu, ambayo kijitabu cha maelezo hakiyataji. Katika boma la Wabukusu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Waafrika, mgeni husikika kabla hajaonekana. Hupiga hodi, na kutoitikiwa ni tusi. Mtu aliyejifunika masikio yote mawili barazani amejifungia mlango akiwa nje ya nyumba. Nilijiwekea utaratibu: nikiwa kwa kukhu, visikizi hukaa shingoni mchana, na huvaliwa usiku watu wanapolala. Vingine vina kitufe cha kuruhusu sauti za nje zipite, na vyangu vinacho, lakini anayekuzungumzia hakioni kitufe. Anachokiona ni vikombe viwili vyeusi, naye huhitimisha kwamba humsikilizi.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mwanafunzi anayeishi karibu na kinu, jenereta au barabara kuu, na anayesafiri mara kwa mara kwa matatu, visikizi vya bei ya katikati vinastahili fedha zake. Avijaribu kando ya injini inayonguruma kabla ya kulipa, si katika ukimya wa dukani, ambako vyote hufanana. Ahakikishe vina tundu la waya. Avivae kwa muda mrefu kabla hajaondoka dukani, hata mwuzaji akinuna. Asivinunue kwa kutarajia kuwanyamazisha majirani, wahubiri au watoto, kwa kuwa havikubuniwa kwa ajili ya binadamu, na pengine hilo ni jema.

Kwa wenzangu wa fasihi simulizi nina pendekezo moja. Tumezoea kuandika katika sura ya mbinu za utafiti kwamba data ilikusanywa kwa kinasa sauti, kisha tukapita. Simu zetu nyingi siku hizi hupunguza kelele zenyewe wakati wa kurekodi, bila kutuuliza, na programu huendelea pale simu ilipoishia. Kwa hiyo neno kinasa sauti halitoshi tena. Kila tasnifu na itaje ni kifaa gani kilichotumika, kama uwezo wa kuchuja ulikuwa umewashwa, ni sauti zipi zilizoondolewa, na ni nani aliyeziondoa. Ni sentensi tatu au nne tu. Mtahini akizikosa, aziulize.